Chungu cha Ugenini: Watu wa Pwani katika Mji wa Sumbawanga

Mtu ahamapo kwao hufunga mizigo, huaga jamaa zake na kusafiri. Na siku za kwanza za ugenini huwaza nyumba, kazi na majirani. Chakula hakikumbuki. Lakini upitapo mwezi mmoja moyo humgeuka kwa jambo dogo asilolitazamia, nalo ni tonge. Twawajua watu wazima wenye ndevu na madaraka, ambao hawakulia walipoagana na mama zao, lakini macho yaliwalowa siku walipopokea kifurushi chenye nazi mbili na kipande cha papa mkavu.

Jambo hili si la kuchekwa. Qurani Tukufu, katika Sura ya Pili aya ya 61, yatusimulia jinsi Wana wa Israili walivyochoka na chakula cha namna moja kule jangwani, wakamtaka Nabii Musa (a.s.) awaombee kwa Mola wake mboga za ardhini, matango, adesi na vitunguu. Watu hao walikuwa wamekwisha kuokolewa na utumwa wa Firauni, na mana na salua walipewa bila jasho. Hata hivyo nyoyo zao zilikuwa zikikumbuka vitunguu vya Misri. Walilaumiwa kwa kutoshukuru, nasi twajua hivyo. Bali hakuna asemaye kwamba hamu yenyewe ilikuwa ya uongo.

Na Masahaba waliohamia Madina nao walionja uchungu wa namna hiyo. Bwana Abubakar na Bwana Bilali (r.a.) waliposhikwa na homa katika mji ule mpya, Bilali alikuwa akitaja kwa mashairi majani ya mabonde ya Makka na maji ya visima vyake. Mtume (s.a.w.) aliposikia habari zao hakuwakemea. Aliwaombea kwa Mwenyezi Mungu waipende Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi, akaomba pia baraka katika pishi na kibaba cha Madina. Ndugu msomaji, litazame neno hilo la kibaba. Katika dua ya mtu aliyehama kwao, kipimo cha chakula cha mji mpya kimetajwa pamoja na mapenzi ya mji wenyewe.

Sisi tuandikao twakaa Mazwi, katika mji wa Sumbawanga, jina ambalo wenyeji hulifasiri kuwa ni “tupa uchawi”. Ufipa ni uwanda ulioinuka baina ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Mji wetu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hali maziwa hayo yako chini ya mita 800 au karibu yake. Kwa hiyo atakaye samaki wa kuvuliwa jana hana budi ama kuwashukia mwenyewe kiasi cha mita 1,000, ama kumngoja aliyeshuka. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya usiku hapa hukaza hata mgeni wa Tanga akalala na koti. Mnazi wapenda joto la pwani. Katika baridi hii hauzai. Basi hapo ndipo shida ya mpishi wa Pwani ianzapo.

Watu wa Pwani hawakuanza kufika huku jana. Lakini tangu Mkoa wa Rukwa ulipoundwa mwaka 1974, na Sumbawanga kufanywa makao yake makuu, walizidi kuletwa na kazi: walimu, makarani, askari, wauguzi, mahakimu, na nyuma yao wafanyabiashara. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa njia ya Mbeya na Tunduma. Kabla ya barabara ya Tunduma kutiwa lami katika miaka ya 2010, masika yalikuwa yakiifanya safari hiyo kuwa ya siku kadha wa kadha, na nazi iliyotoka Pwani mbichi ilifika imekauka maji, pengine imeoza. Waliokaa hapa zamani hizo wasimulia kwamba mbuzi ya kukunia ilitundikwa nyuma ya mlango mwaka mzima, na kifumbu kikaliwa na panya.

Tumwambie nini mtu kama huyo? Wengine humwambia, “Kula ulichokikuta.” Hilo ni neno la kweli, lakini halimsaidii mwanamke aliyefunzwa na mama yake kwamba mchuzi bila tui ni maji ya moto.

Alikuja mwalimu kijana kutoka upande wa Pangani pamoja na mkewe, mwari aliyekuwa bado ana hina mikononi. Jirani yao, mama mmoja wa Kifipa, aliona si adabu mgeni alale njaa siku ya kwanza, akampelekea ugali wa ulezi uliofunikwa vizuri na bakuli la maharage. Bibi arusi alipofunua aliona kitu cheusi chekundu, kama udongo wa mfinyanzi. Akaonja kidogo, akatema, kisha akautupia kuku uani. Mtoto wa jirani alikuwa amesimama pale akingoja vyombo. Tangu siku ile hapana mtu aliyebisha hodi katika nyumba ile. Mume alikuwa kazini mchana kutwa. Mke alishinda peke yake, akakonda, na kila usiku mazungumzo yao yalikuwa ni uhamisho tu. Mwisho mume naye alichoka, wakaanza kugombana, kila mmoja akimtaja mama wa mwenziwe.

Aliyewaokoa ni bibi mzee Mwislamu wa mtaa huo, ambaye yeye mwenyewe aliletwa Sumbawanga na ndoa akiwa kijana. Alimshika mkono yule mwari, akampeleka kwa jirani kuomba radhi. Yule mama wa Kifipa akamjibu, “Mwanangu, kama chakula chetu hukukipenda, hilo si neno. Lakini uliwapa kuku mbele ya mtoto wangu.” Kisha akamkaribisha jikoni. Hatutasema kwamba yule bibi aliupenda ulezi. Hadi leo ugali wake haumshuki, na akiupokea humwachia mumewe. Ila uji wake hunywa, na mchuzi wa karanga aliojifunza siku zile sasa wamshinda jirani mwenyewe.

Habari hii yatukumbusha hadithi mashuhuri ya mjusi wa jangwani. Mtume (s.a.w.) aliandaliwa nyama ya mjusi mkubwa iliyochomwa, katika nyumba ya Bibi Maimuna (r.a.). Alipoambiwa ni nyama gani aliondoa mkono wake. Bwana Khalid bin Walid (r.a.) akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kuwa si haramu, ila mnyama huyo hapatikani katika nchi ya watu wake, na kwa hiyo nafsi yake haimtaki. Khalid akaivuta sahani kwake akala, na Mtume akimtazama. Maulamaa wametoa hukumu nyingi katika hadithi hii. Sisi twataka kuonyesha jambo moja la nyumbani tu: yawezekana mtu asipende chakula asichokizoea, akaacha kukila, bila ya kukitukana na bila ya kumzuia mwenziwe. Nayo imepokewa kwamba Mtume hakupata kukitia ila chakula chochote. Akikitamani alikula, asipokitamani alikiacha.

Kuna jambo jingine lisemwalo na wageni wetu, nalo lataka kujibiwa wazi. Wapo wasemao kwamba ulezi ni nafaka ya walevi, kwa kuwa pombe nyingi ya Ufipa hupikwa kwa ulezi, na kwa hiyo Mwislamu auepuke. Hoja hii haina mguu. Zabibu hufanywa mvinyo, na tende hufanywa pombe, wala hapana aliyeziharimisha tende. Haramu ni kilevi. Ulezi wenyewe ni neema kubwa: wakaa ghalani miaka mingi bila kubunguliwa, na una madini ya chokaa, yajengayo mifupa, mengi kuliko mahindi, mchele au ngano. Mama mwenye mtoto anayeota meno na aufikirie.

Na togwa je? Togwa tamu, iliyotiwa kimea na kunywewa ingali changa, haina kasoro. Lakini togwa hailali ikabaki togwa; ikiachwa huchacha, na ikizidi kuachwa hulevya. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiroweshewa tende au zabibu katika maji, akayanywa, lakini hayakupita siku ya tatu; yaliyobaki yaliondolewa. Basi mama mwenye mtungi wa togwa na ahesabu siku, na penye joto ahesabu masaa.

Ama nyama, hapa hapana taabu kubwa ingawa wakazi wengi wa Ufipa ni Wakatoliki, kwani katika miji mingi ya Tanzania ni desturi ya zamani kazi ya kuchinja kwenye machinjio ya umma kuachiwa Waislamu. Na nzige, kwa wapendao kuuliza, ni halali. Tena Bonde la Rukwa lajulikana duniani kuwa ni moja katika mahali pakuu wazaliwapo nzige wekundu. Hata hivyo hatujamwona mtu wa Pwani aliyefika hapa akaulizia nzige.

Twapenda vijana wetu wajue kwamba wazee waliotutangulia katika safari za bara waliikabili shida hii kwa jembe. Henry Stanley alipofika Tabora mwaka 1871 aliwakuta Waarabu wamepanda ngano karibu na matembe yao, na michungwa, milimau, mipapai na miembe, pamoja na vitunguu, bilingani na pilipili. Na mara moja kwa mwaka waliletewa chai, kahawa, sukari na viungo kutoka Pwani. Maembe unayoyala Tabora na Ujiji, ndugu msomaji, ni hamu ya chakula cha kwao iliyopandwa ardhini. Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, na watu wake walipokaa Kasongo na Nyangwe katika Manyema, walilimisha mpunga; na mpunga ule ulibaki katika nchi ile baada ya dola yao kuanguka. Hatusifu kila walilolifanya huko, kwani pembe na watumwa vilikuwa katika mizigo ile ile iliyobeba mbegu, na mashamba yale yalilimwa kwa mikono ya watu waliotekwa. Lakini chungu cha watu wa Manyema kilibadilika, wala hakikurudi kuwa kama zamani.

Safari nayo haikuwa ya upande mmoja. Katika zama za wakoloni Wafipa wengi walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, wao na Waha na Wabena na wengineo, wale walioitwa manamba. Huko walipimiwa posho ya unga na maharage. Mfipa alizoea ulezi uliolimwa katika matuta ya kwao, ambamo majani hufukiwa chini yaoze na kuirutubisha ardhi, kilimo ambacho wataalamu wamekiandikia vitabu. Akajikuta amepanga foleni na sufuria mkononi, joto limemkaba, na nyama ya nazi ikinukia katika nyumba za wenyeji. Mgeni wa Pwani anayenung’unika leo hapa Mazwi na akumbuke kwamba baba wa jirani yake pengine alinung’unika kule Muheza, na wala hapakuwa na wa kumsikiliza.

Tutazame mbali zaidi. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika ufalme mwaka 1970, familia nyingi zisemazo Kiswahili zilihamia Oman. Walikwenda katika nchi ya mababu zao, kwa hiyo hakuna aliyetazamia kuwa wangekuwa wageni. Lakini matumbo yao yalikuwa ya Unguja. Maskati ni nchi kavu ya mawe na tende. Mhogo, ndizi mbichi na nazi vikawa ndivyo vitu vya kuulizana. Ila Mwenyezi Mungu ameweka ajabu kusini mwa nchi ile ile: katika mji wa Salala, mvua za kusi hunyesha kati ya Juni na Septemba, na minazi, migomba na mipapai husitawi kando ya barabara. Mtu aliyekulia Unguja akifika pale hudhani amerudi Bububu.

Na Italia? Watu wa Ufipa hufika hata huko, hasa kwa masomo ya dini yao. Kardinali Polycarp Pengo, aliyezaliwa Mwazye katika nchi hii mwaka 1944, alisoma Roma katika miaka ya 1970. Waafrika ya Mashariki walio wengi zaidi katika Italia ni Waeritrea, Wahabeshi na Wasomali, kwa sababu ya mambo ya ukoloni. Mwislamu akaaye Roma ana msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 1995, na katika soko la Esquilino, karibu na uwanja uitwao Piazza Vittorio, hupata nyama ya halali, mihogo na ndizi za kupika. Nje ya hapo hana budi kuuliza. Mikate na vitafunio vingine vya Kiitalia hutiwa mafuta ya nguruwe, na michuzi mingine hutiwa mvinyo, na jicho peke yake haliwezi kuyaona hayo. Kijana anayekwenda kusoma huko na ajifunze kuuliza kwa lugha yao kabla ya kujifunza kuhesabu.

Lakini jambo litakalomshangaza Mfipa akifika kaskazini mwa Italia ni ugali. Ndiyo, ugali wa mahindi, wa rangi ya manjano, waitwao polenta, husongwa kwa mwiko katika sufuria ya shaba na kumiminwa juu ya ubao. Mahindi yalifika kwao kutoka Amerika baada ya mwaka 1492, kama yalivyofika kwetu baadaye, na wakulima maskini wa Lombardia na Veneto waliyategemea kwa vizazi vingi. Wengi hawakuwa na kitoweo. Wakashikwa na ugonjwa wa pelagra: ngozi ya mikono na shingo hubabuka, tumbo huharibika, akili hupotea, na mwisho ni mauti. Ugonjwa huo uliwatesa tangu karne ya 18 hadi mwanzo wa karne ya 20. Sababu yake ilikuja kujulikana: mahindi peke yake, yasipoandaliwa kwa chokaa kama walivyofanya wenyeji wa Meksiko, hayampi mtu vitamini moja aihitajiyo, na maharage, maziwa, nyama na karanga huiziba kasoro hiyo. Sasa urudi umtazame yule mama wa Kifipa na bakuli lake la maharage juu ya sahani ya ugali. Hakusoma kitabu cha Kiitalia. Lakini mgeni aliyetupa chakula kile alitupa kitu kilichokuwa kimepangwa vema.

Turudi jikoni kwetu. Siku hizi nazi hufika kwa malori na mabasi, japo bei yake haimfurahishi mwenye watoto sita. Na tui la unga la paketi lauzwa dukani, ingawa wazee hulitazama kama walitazamavyo meno ya bandia. Mchele hupanda kutoka Bonde la Rukwa, kutoka Muze na Mtowisa. Migebuka na dagaa hutoka Kirando na Kasanga katika Ziwa Tanganyika, na perege kutoka Rukwa. Ngano hulimwa hapa hapa uwandani, na alizeti hutoa mafuta. Basi aliyebaki akisema hakuna chakula Sumbawanga ana neno jingine moyoni.

Shida ya tui hutatuliwa na karanga. Kaanga karanga kidogo tu, zisiungue. Ondoa maganda, twanga hata zilainike, kisha zivuge katika maji ya uvuguvugu na umimine polepole katika kisamvu au maharage yaliyokwisha kuiva. Usiondoke mekoni, kwani karanga hushika chini upesi kuliko tui. Kwa mkate wa kumimina, maziwa fresh ya ng’ombe huchukua mahali pa tui, na iliki iongezwe kidogo. Hauwi ule wa Pwani. Lakini huumuka, na watoto huugombania.

Mwezi wa Ramadhani ndio mtihani. Futari ya Pwani yajulikana: magimbi, mihogo na ndizi katika nazi, tambi, kaimati, uji wa pilipili manga. Hapa Mazwi, adhana ya magharibi ikisikika, utaona viazi mviringo vya Ufipa vilivyopikwa kwa karanga, migebuka ya kukaanga, kaimati za ngano ya uwandani, na badala ya uji wa mchele uji wa ulezi uliotiwa pilipili manga na tangawizi, kwani baridi huwa kali. Wageni wapya huunywa wakikunja uso. Majirani Wakristo hujua saa ya futari kama sisi, na mara nyingi mtoto huja na bakuli. Nalo halirudishwi tupu.

Watoto waliozaliwa hapa hawana kumbukumbu ya Pangani wala Tanga. Wakipelekwa likizo kwa bibi yao, huila samaki nguru na wali wa nazi siku mbili kwa furaha; siku ya tatu huulizia uji wa ulezi, na bibi hushika kichwa. Kwa ajili hiyo basi lililoleta nazi kwetu, lirudipo Pwani, siku hizi huwa limebeba pia kifuko cha unga mwekundu, kimefungwa kwa kamba na kuandikwa jina la bibi.